Uvimbe Umetoka, Mwalimu Amechoka: Uchambuzi wa Kisa

Kwenye faili, huyu mwalimu amepona. Uvimbe wa neva ya kusikia umetolewa karibu wote, hakupata homa ya uti wa mgongo, maji ya ubongo hayakuvuja, na picha ya MRI iliyopigwa mwaka mmoja baadaye haikuonyesha kitu kipya. Alipoletwa kwangu kwa ajili ya mazoezi ya mizani ya mwili, miezi 14 baada ya upasuaji, alikuwa tayari ameandika barua ya kuacha kazi. Alikuwa bado hajaipeleka.

Kisa hiki nimekiunganisha kutokana na wagonjwa zaidi ya mmoja, na yote yanayoweza kumtambulisha mtu nimeyabadilisha. Nimemwita mwalimu kwa sababu darasa ndilo lililofichua mengi. Nakieleza kwa kirefu kwa kuwa matatizo yanayobaki baada ya upasuaji huu mara nyingi hutibiwa moja moja, kila moja kwenye kliniki yake, ilhali mwilini yameshikana. Kwa mwalimu, dawa ya jicho ilivuruga mizani, mizani ikakaza shingo, shingo ikaleta maumivu ya kichwa, na vidonge vya kichwa vikaleta maumivu mengine. Hakuna aliyekosea katika kipande chake. Vipande havikuwahi kuwekwa pamoja.

Uvimbe na upasuaji

Akustiki nyuroma, ambayo madaktari wengi sasa huiita shwanoma ya vestibula, si saratani. Huota kwenye neva ya nane ya fuvu, kwa kawaida kwenye tawi linaloshughulika na mizani, kutokana na seli za Schwann zinazoifunika neva hiyo. Hukua taratibu, mara nyingi milimita 1 hadi 2 kwa mwaka, na nyingine hukaa miaka bila kuongezeka. Ndiyo maana wengi wenye uvimbe mdogo hushauriwa kusubiri huku wakipigwa picha mara kwa mara, na wengine hupewa mionzi ya kulenga. Wa mwalimu ulikuwa umekaribia sentimita 3 na umeanza kusukuma shina la ubongo. Kupasua kulikuwa uamuzi wa busara.

Mpasuaji alipita kwenye mfupa wa nyuma ya sikio la kushoto. Neva ya uso, ambayo ni ya saba, hupita sambamba na ya nane, na uvimbe mkubwa huibana na kuitandaza hadi ikawa nyembamba mno. Aliacha ganda dogo la uvimbe juu ya neva hiyo ili asiikate. Wapo wagonjwa wanaosikia habari ya ganda lililobaki wakadhani kazi haikumalizwa. Kwa maoni yangu, ganda lile ndilo lililomwachia mwalimu uso unaosogea, na bei yake ni kupigwa picha kwa miaka mingi ijayo.

Sikio la kushoto lilipoteza usikivu wote. Uso upande huohuo ulikuwa daraja la 4 siku za mwanzo, kwa kipimo cha House-Brackmann, ambacho tangu mwaka 1985 hupanga uso kuanzia 1, usio na kasoro, hadi 6, usiosogea kabisa. Kufikia mwaka mmoja alikuwa daraja la 3. Neva iliyoumia huota upya kwa takriban milimita 1 kwa siku, kwa hiyo kungoja miezi mingi si jambo la ajabu.

Ni vizuri kukumbuka tulikotoka. Harvey Cushing, mpasuaji wa ubongo wa Marekani, alipoandika kuhusu uvimbe huu mwaka 1917, mgonjwa kutoka mezani akiwa hai ndiyo ilikuwa habari njema. Katika miaka ya 1960 daktari wa masikio William House akaleta darubini ya upasuaji, na polepole uso nao ukaanza kuhesabiwa. Kipimo cha kumuuliza mwenye uvimbe huu anaishije, dodoso la PANQOL lenye maswali 26, kimekuja mwaka 2010 tu. Linauliza kuhusu kusikia, mizani, uso, maumivu, nguvu za mwili, wasiwasi na afya kwa jumla. Mwalimu hakuwahi kuulizwa maswali hayo. Alipojaza dodoso kwangu, kusikia hakukuwa na alama mbaya kuliko zote, ingawa amebaki na sikio moja. Alama mbaya kuliko zote zilikuwa kwenye nguvu.

“Saa nane mchana mimi nimekwisha”

Hayo ndiyo maneno yake. Alikuwa akifika nyumbani analala na nguo za kazini. Kichwa kilimuuma upande wa nyuma karibu kila siku. Gizani aliyumba. Jicho la kushoto lilikuwa jekundu na lilichuruzika machozi, hasa kwenye upepo. Sikio lile lisilosikia lilikuwa na mlio usiokoma. Alisahau majina ya wanafunzi aliowafundisha miaka miwili, na hili lilimtia hofu kuliko mengine; aliamini ubongo umeharibika.

Mfuko wake wa dawa ulikuwa na vidonge vya kutuliza kizunguzungu vya prokloperazini, alivyoanzishiwa wodini na ambavyo hakuna aliyemwambia aviache. Kulikuwa na vidonge vya maumivu, alivyomeza karibu kila siku. Kulikuwa pia na mafuta ya macho ya usiku, na tyubu hiyo ilikuwa haijaguswa kwa muda mrefu.

Tyubu hiyo ndiyo iliyonifungulia kisa.

Jicho

Nilimuuliza kwa nini ameacha mafuta. Alitoa sababu mbili, na zote mbili zilikuwa na mantiki. Kwanza, jicho linatoa machozi, sasa litakuwaje kavu? Pili, akipaka, haoni vizuri, na akiamka usiku kwenda msalani anapepesuka hadi kushika ukuta.

Sababu ya kwanza inawadanganya wengi. Nyuzi zinazoamuru machozi ya kulainisha jicho husafiri pamoja na neva ya uso, nazo huumia wakati mmoja nayo. Kope la chini likilegea, machozi machache yaliyopo hayasukumwi kuelekea kwenye mfereji wake, humwagika shavuni. Juu ya hayo, jicho lililokauka huwashwa na kutoa machozi ya ghafla yasiyolainisha kitu. Jicho linaweza kuchuruzika na kukauka kwa wakati mmoja.

Kope lake lilifumba akijitahidi. Nilimwomba mumewe amtazame akiwa usingizini: alikuta mwanya unaoonyesha weupe wa jicho. Kisha nikagusa konea ya kulia, yaani kioo cha mbele cha jicho, kwa ncha ya pamba, akapepesa mara moja. Nikagusa ya kushoto. Akaniuliza, “Umeshagusa, daktari?”

Hapo mazoezi ya mizani yalisimama kwanza. Neva ya tano, inayoleta hisia za uso na za konea, inaweza kubanwa na uvimbe mkubwa au kuumia wakati wa kuutoa. Jicho lisilofumba vizuri ni tatizo. Jicho lisilofumba vizuri na lisilohisi ni hatari, kwa sababu kidonda kinaweza kuchimba konea bila mtu kusikia maumivu. Wekundu wake wote walikuwa wameupuuza kwa kuwa “hauumi”. Alipelekwa kwa daktari wa macho siku hiyohiyo, na akakutwa na mikwaruzo kwenye sehemu ya chini ya konea. Haikuwa imefika kwenye kidonda kirefu. Mwenye hali kama hii akipata wekundu mpya, ukungu machoni au mwanga kumchoma, asingoje miadi.

Sababu yake ya pili nayo haikutibika kwa kumkumbusha atumie dawa. Kiungo cha mizani cha upande wake wa kushoto hakifanyi kazi tena, kwa hiyo usiku hutegemea macho na nyayo kumwambia mwili umesimama wapi. Ukimwondolea jicho moja kwa mafuta na jingine kwa giza, unamwachia nyayo peke yake. Yeye aligundua hilo mwenyewe, akachagua kutoanguka, na jicho ndilo lililolipa.

Dawa ya hapa ilikuwa ya kuchanganya: matone ya machozi bandia yasiyo na kihifadhi mara nyingi mchana, mafuta yapakwe akiwa tayari amelala, kope lifungwe kwa utepe wa kitabibu baada ya kufundishwa namna ya kuhakikisha limefumba kabisa kabla ya kulifunika, na taa ndogo iwake njia nzima ya kwenda msalani. Daktari wa macho alimweleza pia kwamba hali isipotulia kuna uwezekano wa kuwekewa kipande kidogo cha dhahabu au platinamu ndani ya kope la juu ili uzito wake ulisaidie kushuka, au kushonwa pembe ya kope. Mwalimu alisema angependa kujua hayo mwaka uliopita. Namwelewa.

Mizani na shingo

Watu hushangaa kwamba mwenye uvimbe mkubwa anaweza kupata kizunguzungu kidogo baada ya upasuaji kuliko mwenye uvimbe mdogo. Uvimbe mkubwa huwa umeshaiua neva ya mizani polepole, na ubongo umekuwa ukizoea bila mtu kujua. Mwalimu alikuwa hivyo. Wodini alitapika siku moja, akatembea ya pili. Kilichoharibu mambo kilikuja baadaye.

Nilimkalisha, nikamwambia akazie macho pua yangu, nikakigeuza kichwa chake kwa kasi kidogo kuelekea kulia. Macho yalibaki penye pua. Nikakigeuza kushoto: macho yalikwenda na kichwa, kisha yakaruka kurudi. Hilo lilitarajiwa, kwa kuwa upande huo neva haipo. Kisha nikampa mstari wa kusoma huku akitikisa kichwa kama anayekataa. Herufi zilicheza, akaacha na kushika shingo.

Shingo yake ilikuwa ngumu. Misuli ya nyuma ya fuvu hukatwa na kusogezwa katika njia hii ya upasuaji, na maumivu ya kichwa ya muda mrefu hutajwa zaidi kwa waliopitia nyuma ya sikio kuliko kwa waliopitia kwenye sikio la ndani. Kovu la misuli, neva ndogo za kisogo na utando wa ubongo ulioguswa vyote huweza kuchangia. Kwa vile kila mgeuko wa kichwa ulimletea kizunguzungu, alijifunza kugeuka mwili mzima. Shingo ikazidi kukaza. Na ubongo, ambao hujifunza mizani mpya kwa kupata makosa na kuyasahihisha, ukanyimwa makosa yenyewe.

Prokloperazini ilizidisha. Ni dawa nzuri siku za kwanza za kutapika. Ikitumiwa miezi, hupunguza ishara ambazo ubongo unazihitaji ili uzoee, na humtia mtu usingizi. Daktari wake alikubali kumpunguzia hadi kuacha.

Vidonge vya maumivu navyo vilikuwa na hesabu yao. Mwenye maumivu ya kichwa akitumia dawa za kawaida za maumivu siku 15 au zaidi kwa mwezi, kwa zaidi ya miezi mitatu, dawa zenyewe zinaweza kuanza kuendeleza maumivu. Mwalimu alikuwa amepita hapo zamani. Wiki za kuziacha zilikuwa mbaya, na nisingependa mtu yeyote adhani ni jambo dogo. Alifanya hivyo wakati wa likizo ya shule, chini ya daktari, huku shingo ikifanyiwa kazi kwa mikono na mazoezi mepesi.

Darasani

Watu wengi hudhani sikio moja ni nusu ya usikivu. Ukiwa na mtu mmoja chumbani kimya, sikio moja linatosha kabisa. Kinachopotea ni mambo mawili ambayo ubongo hufanya kwa kulinganisha masikio: kujua sauti inatoka wapi, na kuchomoa sauti moja katikati ya kelele. Kichwa chenyewe huziba sauti zinazotoka upande wa sikio lililokufa, hasa zile nyembamba zinazobeba konsonanti.

Darasa la watoto 40 ni mahali pagumu kuliko pote kwa sikio la namna hiyo. Mwalimu alinieleza siku mwanafunzi alipojibu swali kutoka upande wa dirisha, naye akageukia mlangoni na kumsifu mtoto mwingine. Darasa likacheka. Tangu siku hiyo aliacha kuuliza maswali. Akawa anaandika ubaoni kipindi kizima, mwalimu ambaye sifa yake ilikuwa mjadala. Alipoeleza hili ndipo alipolia, na si alipoeleza uso.

Kusahau majina kulipata maelezo hapohapo. Mtu anayetumia akili yake yote kukisia neno gani limesemwa na nani amelisema habaki na nafasi ya kuhifadhi. Nilimweleza hivyo bila kumhakikishia kupita kiasi, kwa sababu usingizi mbovu, dawa za kusinzia na huzuni vilikuwa pia na sehemu yao. Lakini ubongo wake haukuwa ukioza, na alihitaji kuambiwa hivyo na mtu aliyesikiliza kisa chote.

Tulifanya mambo ya gharama ndogo kwanza. Alihamisha meza yake ili sikio la kushoto lielekee ukutani na la kulia lielekee darasa. Aliwaambia wanafunzi wazi kwamba sikio moja halisikii, na akaweka sheria: anayetaka kusema anainua mkono, na hasemi mpaka mwalimu amtazame. Kwenye vikao vya walimu alichagua kiti cha pembeni kabisa upande wa kushoto wa meza, ili wenzake wote wawe kuliani kwake. Baadaye alijaribu kifaa cha aina ya CROS, ambacho huchukua sauti upande usiosikia na kuipeleka kwenye sikio zima. Kilimsaidia kwenye vikao. Darasani kilimletea kelele zaidi, akakiacha. Hakimrudishii mtu uwezo wa kujua sauti inatoka wapi, na ni haki aambiwe hivyo kabla ya kulipia.

Uso

Hapa nitapita haraka, kwa kuwa mwenzangu wa tiba ya uso ndiye aliyeshughulika. Mwalimu alikuwa akipuliza mabaluni na kukunja uso kwa nguvu kila siku, kwa ushauri wa watu wema. Neva inapoota upya, nyuzi nyingine huenda kwenye misuli isiyo yao: alipobana midomo kunywa maji, jicho lilifumba lenyewe. Mazoezi ya nguvu yanaweza kuimarisha kosa hilo. Aliachishwa mabaluni, akafundishwa miendo midogo, ya polepole, mbele ya kioo, midomo ikisogea na jicho likibaki wazi. Sindano za sumu ya botulinamu kwenye misuli inayokaza ni hatua nyingine anayoifikiria. Matokeo yake hudumu takriban miezi mitatu au minne, kisha hurudiwa.

Alipofikia

Mpangilio wa tiba ulikuwa muhimu kuliko tiba yoyote moja: jicho kwanza, kisha taa ya usiku, kisha kupunguza dawa, kisha shingo, na mazoezi ya mizani yakaja mwisho, aliyoanza kwa kukazia macho herufi moja ukutani huku akigeuza kichwa taratibu, mara kadhaa kwa siku. Angeanza na mazoezi siku ya kwanza, kama barua ya rufaa ilivyoomba, angeshindwa na kuandikwa kwamba hana bidii.

Miezi sita baadaye maumivu ya kichwa yalikuwa yamepungua hadi siku chache kwa mwezi. Alitembea kwenye barabara mbovu jioni bila kushikwa mkono. Konea ilikuwa safi, ingawa hisia zake hazijarudi, kwa hiyo utepe na matone ni vya maisha mpaka itakapothibitishwa vingine. Mlio sikioni uko palepale. Anasema siku akilala vizuri hausumbui sana. Uchovu umepungua, haujaisha. Shule ilikubali kumpangia vipindi vigumu asubuhi na saa moja ya ukimya katikati ya siku, na ile barua ya kuacha kazi aliichana.

Kwenye simu yake na kwenye kadi ndani ya pochi tumeandika tahadhari tatu. Ya kwanza: ana sikio moja na kiungo kimoja cha mizani, kwa hiyo daktari yeyote anayetaka kumpa jentamaisini, au dawa nyingine inayodhuru sikio la ndani, afikirie kwanza kama kuna mbadala. Ya pili: usikivu wa sikio la kulia ukishuka ghafla, hata bila maumivu, ni dharura ya siku hiyohiyo, kwa sababu tiba ya steroidi hufaa zaidi ikianzwa mapema. Ya tatu ni kuogelea: chini ya maji, bila nyayo kugusa ardhi na bila kuona vizuri, aliyepoteza kiungo cha mizani anaweza kushindwa kujua juu ni wapi. Asiingie kwenye maji yanayompita kimo akiwa peke yake.

Mume wake ana nakala ya kadi hiyo. Picha nyingine ya MRI, ya kulitazama lile ganda, imepangwa mwaka ujao, na safari hii mwalimu ameomba dodoso lile lijazwe tena siku hiyohiyo na liwekwe kwenye faili pamoja na picha.